Peng Dehuai: Jemadari Aliyeijua Njaa

Peng Dehuai alizaliwa mwaka 1898 katika wilaya ya Xiangtan, jimbo la Hunan, nchini China, wilaya ile ile alikozaliwa Mao Zedong. Mama yake alifariki yeye angali mtoto, baba akawa mgonjwa, na vyombo vya nyumba vikauzwa kimoja kimoja. Ikafika siku ya mwaka mpya nyumba haina punje ya mchele, akatoka na mdogo wake kwenda kuomba. Kesho yake alikataa katakata. Bibi yake, mwenye umri uliopita miaka 70, akaenda badala yake, akijikokota kwa miguu iliyofungwa tangu utotoni kwa desturi ya zamani. Mchele alioleta bibi, mjukuu hakuweza kuula. Akaenda kukata kuni, na baadaye kuchimba makaa ya mawe.

Mwaka 1916 alijiunga na jeshi. Mwaka 1928 aliongoza maasi ya Pingjiang, akashiriki Safari Ndefu ya 1934 na 1935, akapigana na Wajapani. Wadogo zake wawili waliuawa mwaka 1940. Naye, ambaye hakujaliwa mtoto, akawasaidia watoto wao kama baba. Mwaka 1950 alipewa uongozi wa majeshi ya Wachina huko Korea. Ndege za Marekani zilipoyashambulia makao yake makuu, Mao Anying, mwana mkubwa wa Mao, alikufa humo. Vita vilisimamishwa Julai 1953. Peng akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 1954, na mwaka uliofuata mmoja wa mamarshali kumi wa nchi.

Mwishoni mwa 1958 alizuru kijiji alikozaliwa. Wakati huo serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa Hatua Kubwa Mbele, na wakulima walikuwa wameacha mashamba wakiyeyusha vyuma katika tanuri za kienyeji. Miti ilikuwa imekatwa kwa kuni. Hesabu za mavuno zilizopelekwa Beijing zilikuwa kubwa. Chakula vyunguni kilikuwa kidogo.

Julai 1959 viongozi walikutana Lushan. Peng hakupiga kelele mkutanoni. Tarehe 14 alimwandikia Mao barua ya faragha, akataja kwanza mafanikio, kisha upotevu wa mali na tabia ya kutia chumvi katika taarifa. Kila askari anajua uzito wa barua ya namna hiyo kwa mkubwa wake. Mao aliamuru ichapishwe na kugawiwa wajumbe. Tarehe 23 akamshambulia mbele yao. Wenzake wengi wa zamani, waliojua fika hali ya vijijini, walimgeuka. Septemba wizara ilipewa Lin Biao. Mpango uliendelea, na mamilioni ya watu walikufa kwa njaa.

Peng alirudisha sare yake ya umarshali, akahamia pembezoni mwa Beijing, akalima mboga. Mwaka 1966 Walinzi Wekundu walimkamata, wakampiga na kumtembeza hadharani. Alikufa kwa saratani tarehe 29 Novemba 1974, angali kizuizini, na majivu yake yakapelekwa Chengdu kwa jina la bandia.

Chama kilimrudishia heshima yake Desemba 1978. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1981, na sehemu kubwa yake ni maelezo aliyowaandikia waliomhoji kifungoni. Habari za bibi na ule mchele zimo humo.