Tuwaandike Wangali Wanapiga

Nianze na swali, na usijibu haraka haraka. Nitajie bendi moja ya roki ya Dar es Salaam. Umekwama, siyo? Usione haya, hata mimi nilikwama. Halafu pale kijiweni hakosi mshikaji wa kudakia: "Roki? Ule si muziki wa Wazungu bwana!" Huyo ndiye ninayegombana naye leo.

Kaa kitako nikutambulishe watu. Kwenye drams yuko Johnny Rocks, Mkongo, mwanzilishi wa bendi. Gitaa analicharaza Hembi Flory Kongo. Besi iko mikononi mwa Bashir Idi Farhan. Mpapasa kinanda ni Kassim Magati. Mbele kabisa, kwenye maikrofoni, amesimama James Mpungo. Bendi inaitwa Sunburst, maskani Dar es Salaam, na mtindo wao ni Kitoto: roki na soul zilizochanganywa na ngoma za nyumbani na rumba ya Zaire.

Unataka kujua Jumamosi hii wanapiga ukumbi gani? Umechelewa, ndugu yangu. Sunburst ilianza mwaka 1970. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976, na bendi yenyewe ilikwishavunjika zamani.

Huo mwaka 1970 uangalie vizuri. Novemba 1969 wakubwa walipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, eti ni wa kigeni. Mwaka uliofuata vijana hawa wakaunda bendi. Kile kilichoitwa cha kigeni wakakichukua, wakakitia ngoma, wakakipa jina la Kiswahili. Hilo ndilo jibu, na lilitolewa kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Sasa mbona swali linaulizwa tena?

Mnasema gitaa la umeme ni la Mzungu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa anapiga nini, zeze? Na bendi ya Marijani Rajab je? Hao hakuna aliyewaambia warudishe gitaa Ulaya. Yaani gitaa likilia kwa upole ni letu, likikoroma limeshakuwa la Mzungu! Mantiki ya wapi hiyo?

Lakini leo sitawasema wa kijiweni peke yao. Rekodi za Sunburst zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016 na Strut, lebo ya Ulaya. Yale majina matano niliyokutajia niliyasoma kwa Kiingereza. Mtoto wa Dar nasimuliwa habari za Dar na mgeni! Mgeni simlaumu, namshukuru. Ninaowalaumu ni wenye kalamu, nami nikiwemo. Kutwa tunaandika hadithi za msichana aliyekimbia na mwenye gari, huku pembeni ya dirisha mtu anafunga nyuzi za gitaa na hatugeuki hata kumtazama.

Hasira yangu ina sababu. Mtaani kwetu, nyuma ya gereji moja, vijana wanne hufanya mazoezi jioni mafundi wakishaondoka. Wana amplifaya moja, na spika yake iliyochanika imezibwa kwa kitambaa na gundi. Mpiga drams mchana anachomelea mageti. Mpiga solo alijifunzia kwenye gitaa la kwaya. Besi anapiga binti anayesuka nywele saluni, na nakuapia, vidole vile havina mchezo. Mwimbaji anafoka kwa Kiswahili kitupu kuhusu mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Muziki gani wa Kizungu unaomjua mwenye nyumba wetu?

Niliwaomba majina niyaandike hapa. Wakatazamana. Binti akasema, "Kaka, ukiandika jina langu mama atajua, na kwetu huu ni muziki wa mashetani." Nikafunga daftari. Hapo ndipo tulipofika, jamani: kijana anaficha gitaa kama mwenzake anavyoficha bangi.

Kwa hiyo siwataji. Ila naandika kwamba wapo, na siku watakayoniruhusu nitaandika majina yao yote, kwa herufi kubwa.

Na wewe unayesema unataka kuwa mwandishi, mtaani kwenu nako wapo. Nenda kawasikilize, hata masikio yakiuma. Andika nani anapiga nini, wapi, na mwaka gani. Wimbo ukiwa mbovu, andika kwamba ni mbovu. Kusemwa vibaya ni afadhali kuliko kusahauliwa. Tukinyamaza, miaka hamsini ijayo atakuja mgeni mwingine kuwasimulia wajukuu zetu tulikuwa akina nani, na wajukuu watauliza: babu alikuwa na kalamu, aliifanyia nini?

Kazi kwenu.