Mwanafunzi wa Fildi Apewe Daftari

Kila mwaka, mitihani ya muhula wa pili ikiisha, wanafunzi wa vyuo vyetu hutawanyika kwenda fildi. Wa uhasibu huelekea benki na halmashauri, wa ualimu mashuleni. Wale wa sayansi ya mazingira, jiografia, sheria na maendeleo ya jamii huzunguka na barua mkononi, wakibisha hodi kwenye mashirika yanayotetea mazingira, na anayekubaliwa humshukuru Mungu. Baada ya wiki nane hurudi chuoni na logibuku iliyojaa mihuri, ripoti iliyojalidiwa vizuri, na picha yake akiwa amevaa fulana ya shirika, ameshika mche wa mkoko, anatabasamu. Mwulize amejifunza nini. Atakutajia mwaka shirika lilipoanzishwa, dira yake na dhima yake, neno kwa neno kama kipeperushi kinavyosema.

Sina ugomvi na fulana, hata mimi ninazo. Kinachoniuma ni wiki nane za kijana mwenye macho makali na miguu isiyochoka kupita bila kuacha karatasi hata moja ya kumfaa mwanakijiji siku ya shauri lake. Utetezi wa mazingira, tukiyaweka kando maneno ya majukwaani, ni kazi ya ushahidi. Nani alimwaga nini, wapi, saa ngapi, nani aliona, nani aliugua, barua gani ilipelekwa kwa mkubwa gani, naye akajibu nini au akanyamaza. Kijana asiyefundishwa hayo alikuwa mgeni wa shirika, na mgeni hata akikaa miezi miwili hajui chumvi inawekwa wapi.

Tazameni yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini pale Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri mama mmoja kijana, Phyllis Omido, kazi yake ikiwa ni uhusiano na jamii. Moja ya majukumu yake ya mwanzo lilikuwa kusimamia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira. Ripoti ilipotoka ilishauri kiwanda kifungwe mahali pale. Wakubwa hawakupendezwa, wakamwondoa kwenye kazi hiyo. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua, madaktari wakahangaika, na hatimaye vipimo vya damu vikaonyesha sumu ya risasi. Sumu hiyo ilikuwa imempata mtoto kwa maziwa ya mama yake.

Sasa angalieni alichofanya baada ya hapo, maana ndicho ninachotaka wanafunzi wakisome mara mbili. Hakuanza na maandamano. Aliwachukua watoto wengine watatu wa mtaa, akawapeleka kupimwa damu. Wote walikutwa na risasi mwilini. Hapo tu ndipo neno lake lilipopata miguu: mpaka jana yake lilikuwa kilio cha mama mmoja, sasa likawa jambo lenye majibu ya maabara. Barua zikafuata, kisha maandamano. Mwaka 2012 alikamatwa, akashtakiwa, mahakama ikamwachia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Shirika alilolianzisha, CJGEA, likaenda mahakamani pamoja na wakazi, na mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia.

Hesabuni wenyewe. Kuanzia ajira ile hadi uamuzi huo wa mwisho ni miaka 15. Katika muda wa namna hiyo wapangaji huhama, wazee hufariki, na mama aliyekumbuka vizuri siku mwanawe alipoanza kutapika huanza kuchanganya tarehe. Wakili wa upande wa pili hana haja ya kuthibitisha kwamba moshi ulikuwa salama. Humwuliza shahidi maswali matano tu kuhusu miaka na miezi, na shahidi akababaika. Kinachosimama kizimbani bila kubabaika ni kile kilichoandikwa siku ile ile, kikatiwa saini, kikahifadhiwa mahali pakavu.

Lamu nako liko fundisho, la namna nyingine. Kampuni ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, na mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ikaipa leseni. Shirika la Save Lamu na wakazi wakakata rufaa kwenye baraza la mashauri ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Fikirini maana yake. Mradi mkubwa kiasi hicho uliangushwa na swali la nani aliitwa kwenye mkutano upi, na alipofika alielezwa nini. Hayo ni mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili, akikaa nyuma ya ukumbi na kalamu yake, anaweza kuyanukuu yote.

Wala tusidhani ni habari za jirani tu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilipeleka Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwavutisha moshi na uvundo, wakashinda. Jiji likatafuta pengine pa kumwaga taka, Kunduchi Mtongani, na wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda vilevile. Hapakuwa bado na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo leo inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na njia ya kuidai. Wale walikuwa na pua zao, majirani zao na mawakili wao. Sisi tunayo sheria, na tunayo mamia ya wanafunzi wanaotafuta pa kufanyia fildi, lakini tunawatuma kupanga viti vya semina!

Wenye mashirika, nanyi sikieni. Najua mna shida zenu: mradi unakwisha Desemba, mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka, na kijana wa fildi anakuja ofisini hajui hata kutumia mashine ya kutolea nakala. Ni rahisi kumwambia akae mapokezi. Lakini mna kazi zinazolala kwa kukosa mikono, na nyingi hazihitaji shahada. Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira ni vitabu vinene vya Kiingereza. Kanuni za Tanzania za mwaka 2005 zinataka ziwe na muhtasari wa Kiswahili, lakini muhtasari si ripoti, na lililofichwa kwenye jedwali la ukurasa wa mia mbili mwanakijiji halioni. Mpeni mwanafunzi ripoti moja tu. Aisome yote, atoe yale yanayokihusu kijiji kimoja, ayaandike kwa Kiswahili cha kueleweka kurasa nne, kisha aende kuyasoma mbele ya wenye kijiji na kuandika maswali yao. Wiki nane zitamtosha kwa shida.

Au mfundisheni kuchukua sampuli ya maji. Maji yaliyotekwa kwa chupa ya soda ambayo haikuoshwa, bila tarehe, bila jina la aliyeyateka wala aliyeyapokea maabara, hayana thamani mbele ya hakimu hata kama yananuka mpaka ng'ambo ya mto. Picha nayo ni hivyo hivyo. Nimewahi kuona picha nzuri sana za samaki waliokufa zikishindwa kumsaidia mtu yeyote, kwa sababu aliyezipiga hakumbuki kama ilikuwa kabla ya mvua au baada yake.

Hata usafi wa ufukwe, ambao naona umegeuka kuwa sherehe ya kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, unaweza kuwa shule. Wenzetu wa shirika la Nipe Fagio la Dar es Salaam wamefanya jambo ninalolipenda: taka zikishaokotwa huzimwaga chini, wakazitenga na kuzihesabu kwa jina la kampuni iliyozitengeneza. Ufukwe uliosafishwa Jumamosi huwa mchafu tena Jumatano. Hesabu ya chupa za kampuni fulani, ikirudiwa mwaka hadi mwaka, inakupa swali la kwenda nalo kwa kampuni na kwa Serikali. Mwanafunzi anayejua kuokota tu ni mfagizi wa bure, na mfagizi wa kweli wa manispaa angalau ana mshahara.

Hapo kwenye mshahara niseme kidogo. Yako mashirika yanayolilia haki ya mnyonge katika kila tamko, huku kijana wao wa fildi akitembea kwa miguu kutoka Buguruni hadi Mikocheni kwa kukosa nauli. Bodi ya Mikopo huwapa wanufaika wake fedha za mafunzo kwa vitendo, ndiyo, lakini si wote wenye mkopo, na fedha hizo haziji siku zote kwa wakati. Matokeo yake ni nini? Nafasi huchukuliwa na mtoto wa mwenye uwezo, anayelala kwa shangazi yake Masaki, na mtoto wa mvuvi wa Rufiji, ambaye angeweza kukuonyesha kila mkondo wa delta gizani, anakwenda kufanya fildi dukani kwa mjomba wake. Shirika lisiloweza kutoa nauli na chakula cha mchana lipokee mwanafunzi mmoja badala ya sita. Na lianze na anayetoka kule kule kwenye tatizo.

Wazazi huniuliza: je, utetezi si siasa? Mwanangu hatakosa ajira? Nawajibu kwamba anayejua kusoma ripoti ya tathmini mpaka mwisho anatakiwa na baraza la mazingira la Taifa, NEMC, anatakiwa na halmashauri, na kampuni zenyewe zinamhitaji. Msisahau Omido aliajiriwa na kiwanda. Hata hivyo hofu ya mzazi si ya kudharauliwa. Kazi hii hugusa maslahi ya watu. Kwa hiyo msimamizi asimtume mwanafunzi peke yake getini kwa kampuni kwenda kuuliza maswali, wala jina lake lisiwekwe mbele kwenye malalamiko. Aandike, na wenye dhamana watie saini. Kiongozi anayemtanguliza mtoto wa mwenzake kwenye hatari ili yeye abaki ofisini hafai kuitwa mtetezi.

Wahadhiri nao wasijitoe. Msimamizi kutoka chuo huja mara moja, akanywa maji, akauliza kama kijana anahudhuria, akatia saini na kuwahi kituo kingine. Alama hutolewa kwa ripoti yenye sura tano, na sura ya kwanza huwa imenakiliwa kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka jana. Kwa nini alama zisitolewe kwa daftari la kazi lenyewe? Mhadhiri alifungue popote, achague siku moja, aulize: hapa unasema mto ulikuwa na povu; ulisimama wapi, nani alikuwa nawe, ulirudi kesho yake? Asiye na jibu arudie.

Nanyi wanafunzi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msikubali nafasi kwa ajili ya jina kubwa la shirika na kiyoyozi cha ofisi yake. Kabla ya kupokea barua ya kukubaliwa, ulizeni ni kijiji gani au mtaa gani mtakaoufuatilia, na ni nani atakayesoma mlichoandika kila Ijumaa. Kisha ulizeni nakala itabaki kwa nani. Mengi yanayoandikwa kuhusu watu wa pwani hupanda basi kwenda mjini na hayarudi, na miaka kumi baadaye wenyewe wanahojiwa upya kama hawajawahi kuhojiwa. Nakala moja iachwe ofisi ya kijiji, na nyingine kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wakazi cha kusimamia uvuvi; zote ziandikwe kwa Kiswahili, ziwe na tarehe na majina ya waliokubali kutajwa, na wao wenyewe wazisome na kuzisahihisha kabla mwanafunzi hajafunga begi.