Walimu wasiidharau mantiki ya kadiri

Kwa muda mrefu madarasa yetu ya hisabati na sayansi yametawaliwa na dhana kwamba maneno kama "kidogo", "sana" na "vuguvugu" hayana nafasi katika elimu ya kweli. Mwanafunzi huambiwa kuwa jambo ni kweli au si kweli, basi. Mimi naona kuwa dhana hiyo inawanyima vijana wetu tawi zima la uhandisi, na vilevile inawafundisha kuudharau ujuzi wa mafundi wanaoishi nao.

Tawi ninalolizungumzia ni mantiki ya kadiri, ambayo wengine huiita mantiki ya fazi. Mwasisi wake ni Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika makala aliyoyachapisha mwaka wa 1965, Zadeh alieleza kwamba kitu chaweza kuwa ndani ya seti kwa kiasi fulani, kuanzia 0 hadi 1, badala ya kuwa ndani kabisa au nje kabisa.

Hebu tuchukue mfano wa feni. Tukiamua kwamba joto huanzia nyuzi 28, basi kwa mantiki ya kawaida nyuzi 27.9 si joto, na feni itakuwa ikiwaka na kuzima kila hewa inapobadilika kidogo. Katika mantiki ya kadiri, nyuzi 28 zaweza kuhesabiwa kuwa hali ya "wastani" kwa 0.4 na hali ya "joto" kwa 0.6, kwa wakati mmoja. Sasa tuweke kanuni mbili: hali ikiwa ya wastani, feni izunguke kwa asilimia 40 ya kasi yake, ikiwa ya joto, izunguke kwa asilimia 80. Njia moja rahisi ya kuziunganisha ni kuzidisha 40 kwa 0.4 na 80 kwa 0.6, kisha kujumlisha. Feni itazunguka kwa asilimia 64. Ni mwanafunzi gani wa shule ya upili asiyeweza kuifanya hesabu hiyo?

Yafaa tusisitize kuwa 0.6 hiyo si bahati nasibu. Haisemi kwamba huenda kuna joto. Yasema joto lipo, na lipo kwa kiasi hicho.

Aliyeitoa mantiki hii vitabuni na kuiingiza katika mitambo ni Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyesoma India, kisha akafundisha katika Chuo cha Queen Mary, London. Katikati ya miaka ya 1970, yeye na mwanafunzi wake Assilian waliidhibiti injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno, za namna ya "shinikizo likiwa chini sana, ongeza moto kwa wingi". Hadi leo aina mojawapo kuu ya vidhibiti vya kadiri hutajwa kwa jina la Mamdani. Je, ni wanafunzi wangapi wa Afrika Mashariki waliowahi kulisikia jina hilo darasani?

Mbinu hiyo haikuishia maabarani. Nchini Denmark, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya F.L. Smidth ilikuwa ikiitumia kuendesha matanuri ya saruji, ambayo mienendo yake ni migumu kuandikiwa milinganyo lakini huwaelea vyema waendeshaji wazoefu. Mnamo Julai 1987 reli ya chini kwa chini ya Sendai, nchini Japani, ilifunguliwa ikiwa na mfumo wa Hitachi uliozingatia ujuzi wa madereva ili treni iende bila kuwatikisa abiria na isimame mahali pake. Treni inayokaribia kituo haiwezi kungoja. Katika mifumo ya papo kwa papo, jibu sahihi lililochelewa halina tofauti na jibu baya. Kanuni za kadiri zikiwa chache, hesabu zake huwa nyepesi, na hata kompyuta ndogo huweza kuzikamilisha kwa wakati.

Wapo walioipinga. Rudolf Kalman, bingwa wa nadharia ya udhibiti, aliikosoa waziwazi katika miaka ya 1970. Sikatai kwamba upinzani una mashiko. Pale ambapo milinganyo ya mtambo inajulikana vizuri, vidhibiti vya kawaida hutosha. Tena si rahisi kuthibitisha kwamba kidhibiti cha kadiri hakitayumba katika kila hali, na kanuni zake haziwezi kuwa bora kuliko ujuzi wa aliyezitunga. Ndiyo maana ni lazima zijaribiwe kwa makini kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu. Hata hivyo, katika zama hizi ambapo kompyuta hujifunza zenyewe kutokana na data nyingi, na mara nyingi haziwezi kueleza sababu za uamuzi wao, kanuni iliyoandikwa kwa maneno ina heshima yake: fundi aweza kuisoma, akaikosoa, akaisahihisha.

Ombi langu kwa walimu ni hili. Mwalimu wa hisabati na mwenzake wa Kiswahili washirikiane, wawatume wanafunzi kwa mwoka mikate, kwa mwendesha pampu ya maji, au kwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai atambuaye kwa kugusa kwamba majani yamenyauka vya kutosha. Wamwulize afanyayo na sababu zake, waandike kanuni kwa Kiswahili sanifu, kisha wazipe maneno yake kadiri za namba. Watagundua kuwa lugha yao yatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Walakini mwenye ujuzi huzeeka, naye akistaafu bila kuulizwa huondoka nao. Haifai tungoje wageni waje kutuuzia, ndani ya mtambo wa bei ghali, yale ambayo mafundi wetu walikuwa wakiyajua tangu zamani.