Kilogramu na Kiambishi Chake
Miongoni mwa vizio 7 vya msingi vya Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo, kilogramu pekee ndiyo inayobeba kiambishi awali, yaani sehemu inayotangulia jina la kizio ili kukizidisha au kukigawa, kwa kuwa “kilo” ni elfu moja. Kwa vile kanuni hairuhusu viambishi viwili kupandana, sehemu moja ya milioni ya kilogramu huitwa miligramu, nayo Dunia ina takribani ronagramu 6, “rona” iliyopitishwa mwaka 2022 ikiwa ni 1 yenye sifuri 27. Mwaka 2019 wataalamu waliacha mche duara wa platinamu na iridiamu uliohifadhiwa Ufaransa kama kigezo cha kilogramu, wakaifungamanisha kilogramu na thamani isiyobadilika ya Planck, mojawapo ya namba za msingi za fizikia. Jina lenyewe, cha ajabu, hawakuligusa, na nafasi nzuri ya kulirekebisha ikapotea.