Mume akipangiwa Ngara, usilie: kwanza tazama



Wateja wangu wengi ni mabibi harusi. Haupiti mwaka bila mmoja kunijia na kitambaa mkononi na machozi machoni, kwa sababu mume mtarajiwa ni mwalimu au askari na kituo chake cha kazi kiko Kagera. Tena si Bukoba mjini, ni Ngara au Biharamulo. "Huko porini nitakaa na nani?" Nyumbani nako shangazi anatia chumvi: huko mabasi yanatekwa, kumejaa wakimbizi, watu wanakula wadudu.

Mimi huko nakwenda kibiashara. Napeleka madera na mitandio, narudi na asali. Nasema wazi: mabinti zetu tunawatisha kwa habari za kuambiwa.

Maneno ya shangazi yana asili yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na jina la kambi ya Benaco likasikika dunia nzima. Miaka kadhaa mabasi yalikuwa yakipita misitu ya Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi. Lakini hiyo 1994 ina zaidi ya miaka 30 sasa. Bi harusi mwenyewe hakuwa amezaliwa.

Sote tumesoma madrasa kisa cha Hudhud na Nabii Suleiman. Ndege yule alifika nchi ya Sabaa, akaitazama vizuri, akarudi na habari ya uhakika kuhusu malkia na watu wake. Hakusema "nimesikia." Na Hudhud si wa kisani tu. Ukipita Nyakanazi, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzika, tazama chini pembeni mwa njia asubuhi mapema. Unaweza kumwona anadonoa wadudu: rangi ya udongo mwekundu, mbawa zenye mistari myeusi na myeupe, na kishungi kichwani anachokifungua na kukifunga kama kipepeo cha mkono.

Tazama na juu ya miti, utaona mizinga ya nyuki imetundikwa. Asali tunayoipigania Ramadhani hutoka misitu kama hiyo. Kama Mola amezipa sura za Qur'ani majina ya nyuki na ya chungu, sisi ni nani tuwaite "madudu" na kufunga dirisha la basi?

Fundi mwenzangu wa huko ni mnana. Dume ndiye anayesuka kiota, jani kwa jani, kisha jike anakuja kukagua. Asiporidhika, haingii, na dume hukifumua akaanza upya. Mabibi harusi, hapo nawaachia mcheke wenyewe.

Na hao wadudu wanaoliwa ni senene. Huja na mvua, hasa Novemba na Desemba. Usiku watu huwasha taa kali, huwakinga kwa mabati, kisha huwanyonyoa mbawa na miguu na kuwakaanga. Zamani kwa Waganda, mke alimkusanyia mumewe senene, naye akamlipa nguo mpya. Nzige wamehalalishwa katika hadithi. Kwa senene, mwenye shaka amuulize sheikh wake. Usipotaka kula, usile. Ila usizibe pua mbele ya mwenye nyumba aliyekukaribisha kwa kitu anachokithamini.

Najua mtaniambia ndege hawamwondolei mtu upweke. Kweli. Ngara ni mbali, ina baridi ya milimani, na mama yako hayuko karibu siku ya uchungu wa uzazi. Hilo silifichi, na familia isimpeleke binti bila kulipangia. Lakini nimeona wake wa aina mbili huko. Mmoja anajifungia ndani na simu, anaishi Unguja kwa picha, na kila siku inamwongezea machozi. Mwingine amemuuliza jirani yule ndege anaitwaje, mgomba huu ni wa kupika au wa kuiva, salamu ya Kihangaza inaitikiwaje. Jirani huyo ndiye anayembebea mtoto leo. Kuuliza jina la ndege ni njia rahisi ya kubisha hodi.

Kwa hiyo, mama, unapofunga sanduku la bi harusi na udi wake, mfungie na nasaha hii: mwanangu, mwezi wa kwanza usihukumu, tazama na uuliza. Nanyi waume, siku ya mapumziko mtoeni mke nje. Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na iko jirani yenu. Fungate haliko Dubai peke yake.

Allah awajaalie mapenzi na utulivu popote mtakapopangiwa. Amin.