Hiyo Dakika ya Kupumua Iko Kwa Hesabu, Bosi

Wasee wa kol senta, hii ni yenu. Na wewe unayengoja kuitwa intavyuu pia usome, juu hesabu ya aina hii ndiyo itakuamulia kama utapata muda wa kwenda choo.

Kuna tim lida mmoja (simtaji, na kampuni pia siitaji) alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya viti vyetu. Akiona watu watatu hawaongei, anaandika kitu kwa simu yake. Wiki ikifuata, rosta inakuja na watu wachache. Sababu? Ati tunakaa tu. Nilikuwa nakasirika lakini sikuwa na jibu. Siku hizi ninalo, na liko kwa Excel.

Chukua nusu saa moja. Simu 100 zinaingia, na kila moja inakula dakika 3, pamoja na ule muda wa kuandika noti baada ya kastama kukata. Hizo ni dakika 300 za kazi. Gawa kwa 30, unapata 10. Meneja mwenye haraka anafunga laptopu hapo hapo. Watu 10, mambo kwisha.

Shida ni kwamba simu hazikuji moja moja kila sekunde 18. Zinakuja venye matatu hukuja steji: unangoja hakuna kitu, halafu nne zinatokea pamoja zikipigiana honi. Na dakika tulivu ikipita imepita, huwezi kuiweka akiba uitumie simu zikimwagika. Ukiwa na watu 10 kamili kwa kazi ya watu 10, foleni ikianza haina siku ya kuisha.

Hii kitu ilitatuliwa kitambo sana. A. K. Erlang, Mdenmark aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha fomula yake mwaka wa 1917. Excel haina kitufe cha Erlang, lakini unaweza kuijenga mwenyewe. Weka mzigo wa kazi, yaani ile 10, kwa B1. Weka idadi ya watu kwa B2. Halafu kwa B3 andika:

=POISSON.DIST(B2,B1,FALSE)/(POISSON.DIST(B2,B1,FALSE)+(1-B1/B2)*POISSON.DIST(B2-1,B1,TRUE))

Hapo unapata uwezekano wa kastama kungoja. Ukitaka wastani wa kungoja, zidisha jibu hilo kwa sekunde 180, ugawe kwa B2 toa B1. Sasa badilisha idadi ya watu uone maajabu. Watu 11: wastani wa kungoja ni kama dakika 2. Watu 12, sekunde 40. Watu 13, sekunde 17. Watu 14, sekunde 8. Ile shabaha inayotumika sana, ya kuchukua asilimia 80 ya simu ndani ya sekunde 20, watu 13 wanaikosa kwa unywele tu. Watu 14 wanaipita vizuri.

Rudia hiyo polepole. Mtu mmoja kati ya 11 na 12 anapunguza kungoja kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana ukitoa watu watatu "wanaokaa tu", kastama wanakuja kwako tayari wamekasirika, na matusi unakula wewe. Rosta hawaioni.

Na hapa ndipo nilitaka tufike. Kwa watu 14, kila mmoja yuko bize asilimia 71 ya muda. Maana yake, ukiingia hapo ghafla, kwa wastani utapata wanne hawaongei. Wanne! Tim lida wetu aliona watatu akaita uvivu. Kumbe alikuwa anaangalia mfumo ukifanya kazi sawasawa. Toa hao watatu, wale 11 wanaobaki wako bize asilimia 91, simu juu ya simu, shifti nzima. Jaribu hiyo mwezi mmoja halafu uniambie kwa nini watu wanaacha kazi.

Ukweli usemwe, fomula hii inadhani hakuna kastama anayechoka kungoja akakata. Kwa hivyo foleni ikiwa ndefu, inatisha kuliko hali ilivyo. Lakini kupanga kazi ukitegemea watu wakate simu, hiyo nayo ni huduma gani?

Kuna kosa lingine dogo linaloumiza zaidi. Hao 14 ni watu walio na hedseti kichwani. Bado kuna brek, treni, mikutano, ugonjwa na likizo. Wenyewe huita shrinkeji. Tuseme ni asilimia 30. Wengi wanachukua 14 wanazidisha kwa 1.3, wanapata 18 na kitu. Si hivyo. Unagawa 14 kwa 0.7, unapata 20. Hakikisha mwenyewe: toa asilimia 30 kwa 20, wanabaki 14. Toa kwa 18, wanabaki 12 na nusu, na nusu mtu hashiki simu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Kama unafanya kazi siku 6 kwa wiki, hiyo peke yake ni karibu asilimia 7 ya siku zako. Kama aliyejaza spredishiti hakuiweka, likizo yako haipo tangu Januari. Utaambiwa tu "tuko shoti" ukienda kuiomba Agosti.

Kwa hivyo intavyuu ikifika mwisho na waulize kama una swali, acha ile ya "growth" uliyotoa TikTok. Uliza shrinkeji wanaweka asilimia ngapi, na kama likizo imo ndani.