Mwachieni Mtoto Kitambaa Chake

Wazazi wenzangu, akina bibi, akina dada mnaoshinda na watoto nyumbani, walezi wa vituo vya kulelea watoto na wauguzi wa wodi za watoto: ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Mtoto mwenye kitambaa chake cha kumliwaza, mwachieni. Asiyekuwa nacho, tumzoeshe kwa njia iliyo salama.

Sheria ya kazi Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Likizo ikiisha mama hurudi kazini huku mtoto bado ananyonya. Kisha, kuanzia kati ya mwezi wa sita na wa nane hivi, mtoto hung'amua kwamba mama akitoka amekwenda, na bado hana hakika kwamba atarudi. Ndipo vilio vya asubuhi vinapoanza. Watu husema amedeka. Hajadeka, anakua, na anahitaji kitu cha kushika wakati mama hayupo.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1953. Alieleza kwamba blanketi au mwanasesere anayependwa humsaidia mtoto kuvuka kipindi cha kutambua kuwa yeye na mama ni watu wawili. Akaongeza kwamba mtoto akikomaa, kitu hicho hupoteza umuhimu chenyewe. Basi wenye hofu kwamba mtoto atakwenda na kitambaa mpaka sekondari, ondoeni shaka.

Sisi tuna khanga. Mtoto amebebwa ndani yake, amefunikwa nayo, amefutwa machozi kwa pindo lake, na harufu ya mama imo. Isitoshe, khanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana: kimoja kikiwa kwenye kamba ya nguo, kingine kiko mkononi mwa mtoto.

Khanga nzima ni kubwa mno kwa mtoto mchanga. Kateni kipande kidogo, kama leso ya mkononi, mkikunje pindo ili nyuzi zisichomoke. Kisiwe na vifungo, shanga wala kamba, na msikifunge shingoni au mkononi mwa mtoto. Mama akae nacho mwilini siku moja mbili kishike harufu yake, kisha akiweke kati yake na mtoto wakati wa kunyonyesha na kubembeleza. Mtoto akikikataa, msimlazimishe. Huenda akachagua soksi kuukuu. Chaguo ni lake, mradi kitu chenyewe ni salama.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mtoto asilale na kitambaa, blanketi, mto wala mwanasesere wa manyoya, kwa kuwa vinaweza kumziba pumzi. Katika umri huo kitambaa ni cha wakati yu macho, mtu mzima akimwangalia. Akisinzia, kiondoeni taratibu, na yeye alazwe chali.

Walezi wa vituo, mtoto akifika na kitambaa, msikifungie kabatini mpaka jioni wala msiwaache wenzake wamcheke. Mwekeeni karibu. Wazazi nao wakiandike jina. Nanyi mnaotaka kukomesha tabia ya mtoto kushika kitambaa kwa kukichoma au kukitupa, acheni. Mtoto atajifunza tu kwamba anachokipenda kinaweza kutoweka bila yeye kuelezwa.

Wauguzi, kwenu nina ombi la pekee. Mwaka 1952 mtafiti wa Uingereza, James Robertson, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane katika hospitali ya London. Siku hizo wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu. Mtoto yule alijizuia kulia, huku akiwa ameng'ang'ania dubu wake na kiblanketi alichotoka nacho nyumbani. Filamu hiyo ilisaidia kubadili mawazo ya madaktari, na mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vikwazo. Kwetu mama mara nyingi hulala wodini na mwanawe, na hilo ni jema. Lakini kuna saa ambazo hawezi kuwa naye: mlangoni mwa chumba cha upasuaji, au kwenye mashine ya picha. Pale taratibu za usafi zinaporuhusu, mwacheni mtoto aende na kitambaa chake, na akizinduka akikute.

Tuanze wiki hii. Mzazi, tayarisha vipande viwili, waoneshe dada wa nyumbani na mwalimu wa kituo, na uwaeleze kazi ya vipande hivyo. Mama akitoka asubuhi amuage mtoto waziwazi badala ya kumtoroka, amkabidhi kitambaa chake, na jioni arudi kama alivyoahidi.